Ukarabati wa Nyumba California: Hatua za Kufuata Ili Hela Isitangulie Kazi

California, kumlipa mkandarasi wako hakumaanishi umemaliza kulipa. Duka lililomkopesha mbao, fundi umeme aliyemleta yeye, kibarua aliyebeba kifusi: kila mmoja wao anaweza kuandikisha dai juu ya nyumba yako kama mkandarasi hakumpa chake, hata kama wewe umeshika risiti zote mkononi. Sheria ya jimbo inajua hivyo, na ndiyo maana kanuni zake nyingi zinazomlinda mwenye nyumba zinahusu jambo moja, hela isitangulie kazi. Ila kanuni hizo hazijitekelezi. Lazima uzifuate wewe, kwa mpangilio, kuanzia kabla nyundo ya kwanza haijagonga.

Msimamizi wa makandarasi hapa ni Bodi ya Leseni za Makandarasi ya jimbo, CSLB kwa kifupi, iliyoanzishwa mwaka 1929. Hatua zinazofuata ni za California. Anayeishi jimbo lingine asome mwisho, kwa sababu majimbo yanatofautiana sana.

Hatua ya 1: Jua kama kazi inahitaji leseni, na leseni gani

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mtu asiye na leseni anaweza kufanya kazi yako iwapo masharti matatu yametimia kwa pamoja: jumla ya ufundi na vifaa ni chini ya dola 1,000, kazi haihitaji kibali cha ujenzi, na anaifanya mwenyewe bila kuajiri msaidizi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 500. Watu hushika sharti la kwanza na kusahau mengine. Kubadilisha hita ya maji kwa dola 900 kunahitaji kibali, kwa hiyo kunahitaji leseni. Na fundi akikuambia mgawanye kazi ya dola 2,700 ziwe ankara tatu za 900, huo mgawanyo hauna maana yoyote kisheria. Kazi ni moja.

Leseni zina madaraja. B ni ya ujenzi wa jumla. C-10 ni umeme, C-36 mabomba, C-39 paa, C-20 joto na viyoyozi, C-8 zege, C-33 rangi. B-2, iliyoanza mwaka 2021, ni ya ukarabati wa nyumba ambayo tayari ipo, na mwenye nayo haruhusiwi kugusa kuta zinazobeba uzito wa nyumba. Ukitaka kuondoa ukuta kati ya jiko na sebule, uliza kwanza kama ule ukuta unabeba kitu, ndipo uangalie daraja la leseni. Vilevile mwenye B hachukui mkataba wa paa peke yake. Kama kazi yote ni paa, tafuta C-39.

Hatua ya 2: Kagua leseni mwenyewe, usiridhike na kuonyeshwa kadi

Namba ya leseni lazima iwepo kwenye tangazo lake na kwenye mkataba. Ichukue, uiingize kwenye tovuti ya CSLB, usome ukurasa wote. Neno "hai" peke yake halitoshi. Angalia jina la biashara kama lilivyoandikishwa, majina ya watu waliomo, daraja, tarehe ya kuisha, kama kuna malalamiko yaliyowekwa wazi kwa umma, na hali ya dhamana na bima.

Kisha omba kadi ya leseni pamoja na kitambulisho chake chenye picha. Udanganyifu unaojirudia ni wa namba ya kuazima: leseni ni halali kabisa, ila ni ya mtu mwingine, labda bosi wake wa zamani au shemeji. Utaigundua kwa kulinganisha majina matatu. Jina kwenye leseni, jina kwenye mkataba, na jina analotaka uandike kwenye cheki. Yakitofautiana, simama hapo hapo. Anayesema "andika tu jina langu, akaunti ya kampuni inasumbua benki" amekupa jibu lako.

Adhabu ya kufanya kazi bila leseni ni kali upande wa fundi. Hawezi kukushtaki akidai malipo, na wewe unaweza kumdai mahakamani akurudishie kila senti uliyompa, hata kama kazi aliifanya. Lakini mahakama ya rufani ya jimbo iliamua mwaka 2020 kwamba dai hilo lina mwaka 1 tu tangu kazi imalizike au isimame. Na hukumu dhidi ya mtu asiye na anwani wala akaunti ni karatasi tu.

Hatua ya 3: Tenganisha dhamana na bima

Kila mwenye leseni anawekewa dhamana ya dola 25,000 tangu Januari 2023, yaani ahadi ya kampuni ya dhamana kuwalipa wanaoumizwa na mkandarasi akivunja sheria. Wengi hudhani huo ni mfuko wao binafsi. Sivyo. Ni dola 25,000 kwa wadai wote wa mkandarasi huyo, na kama ameacha nyumba nne zikiwa wazi, mnagombania fungu moja.

Bima ya ajira, ile inayomlipa mfanyakazi akiumia kazini, ni lazima kwa kila mwenye wafanyakazi. Makandarasi wa paa lazima wawe nayo hata wakisema hawajaajiri mtu, na tangu 2023 ndivyo ilivyo pia kwa C-8 na C-20. Kwa wengine ukurasa wa leseni unaweza kusema "hana wafanyakazi, amesamehewa bima." Kumbuka neno hilo siku ya kazi. Wakishuka watu watatu kwenye gari, na mmoja akaanguka kutoka kwenye ngazi yako, dai linaweza kukugeukia wewe. Uliza hawa ni nani kabla hawajapanda.

Bima ya uharibifu wa mali si lazima kwa makandarasi wengi, isipokuwa waliojisajili kama kampuni yenye dhima yenye kikomo (LLC). Mkataba lazima useme kama anayo au hana. Kama anayo, omba cheti, na uombe kitumwe na kampuni ya bima yenyewe. Cheti kilichopigwa picha kwa simu huhaririwa kwa dakika tano.

Hatua ya 4: Mkataba

Mkataba wa ukarabati ni wa maandishi, na nakala iliyosainiwa unaipata kabla kazi haijaanza. Ndani yake uone bei kamili, maelezo ya kazi na vifaa muhimu, makadirio ya tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi cha advansi, ratiba ya awamu kwa dola, onyo kuhusu dai juu ya nyumba, na fomu ya kughairi.

Sehemu ya maelezo ya kazi ndiyo huzaa ugomvi. "Kuweka makabati mapya jikoni" haina maana. Andika idadi, aina ya mbao, jina la mtengenezaji, namba ya toleo, rangi, na nani anatoa vitasa. "Kupaka rangi" iwe na idadi ya mikono ya rangi na kama kuta zitapigwa praima. Andika pia nani anaondoa kifusi na nani analipia kibali, maana hayo mawili ndiyo huibuka mwishoni kama gharama ambazo hazikutajwa.

Mabadiliko yoyote ya kazi yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla hayajaanza: nini kinaongezwa au kupunguzwa, bei inapanda au kushuka kiasi gani, na awamu zinaathirika vipi. Kukubaliana kwa mdomo huku mmesimama kwenye vumbi ndiko kunageuza bafu la dola 18,000 kuwa la 26,000.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Kanuni ya shirikisho kuhusu mauzo ya nyumbani kwa mteja, kwa bei ya dola 25 na kuendelea, inataka mkataba na taarifa ya kughairi viwe katika lugha iliyotumika zaidi kwenye maelezo ya mdomo. Kwa hiyo muuzaji aliyekaa sebuleni kwako saa nzima akikushawishi kwa Kiswahili hana haki ya kukupa karatasi za Kiingereza peke yake. Wengi wao hawaijui kanuni hii. Waambie. Na usisaini kwenye tableti ambayo hujaweza kuisoma kurasa zote.

Hatua ya 5: Advansi na awamu

Hapa ndipo California ilipokaza kuliko majimbo mengi. Advansi ya kazi ya ukarabati haizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, na kinachotumika ni kile kidogo kati ya hivyo viwili. Kazi ya dola 6,000: asilimia 10 ni 600, basi advansi ni 600. Kazi ya dola 40,000: asilimia 10 ni 4,000, lakini kikomo ni 1,000, basi ni 1,000. Haijalishi kama makabati ni ya kuagiza maalumu. Wachache walioweka dhamana kubwa zaidi kwa bodi wameruhusiwa kuvuka, na hilo huonekana kwenye ukurasa wa leseni yao. Anayedai amesamehewa, muonyeshe ukurasa huo akuonyeshe ni wapi.

Baada ya advansi, haruhusiwi kuomba wala kupokea hela inayozidi thamani ya kazi iliyofanyika au vifaa vilivyofika kwako. Kwa hiyo awamu zifungwe kwenye kitu unachoweza kukigusa. Kamwe zisifungwe kwenye tarehe. "Nusu wiki ya pili" ni ratiba ya kumpa mtu hela akiwa hajafika. Kwa jiko la dola 40,000 ratiba inaweza kuwa hivi:

- 1,000 wakati wa kusaini.
- 4,000 jiko la zamani likishabomolewa na kifusi kuondoka uwanjani.
- 10,000 mabomba na nyaya vikishapitishwa na mkaguzi wa jiji, kuta zikiwa bado wazi.
- 5,000 bodi za jipsamu zikishafungwa na kusawazishwa.
- 12,000 makabati yakishafika na kufungwa ukutani.
- 4,000 meza ya jiwe, sinki na taa vikiwa mahali pake.
- 4,000 baada ya ukaguzi wa mwisho, kasoro ndogondogo kurekebishwa, na hati za hatua ya 7 kukabidhiwa.

Ile ya mwisho isiwe ndogo. Fundi anayesubiri dola 300 hana sababu ya kurudi kunyoosha mlango wa kabati uliopinda, ila anayesubiri 4,000 atarudi.

Akija na habari kwamba vifaa vimepanda bei na anahitaji elfu nane leo, una njia rahisi: nunua wewe kwa kadi yako, vipelekwe kwa anwani yako, kiasi hicho kipunguzwe kwenye mkataba kwa maandishi. Mkandarasi mwenye shida ya kweli ya vifaa atakubali. Mwenye shida ya kumalizia nyumba ya mteja aliyetangulia kwa hela yako hatakubali.

Kama umebadili mawazo baada ya kusaini, una siku 3 za kazi kughairi bila kutoa sababu. Mwenye miaka 65 na kuendelea ana siku 5, na kwa matengenezo ya nyumba iliyoharibiwa na janga ni siku 7. Ghairi kwa maandishi, utume kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe. Na baada ya moto au tetemeko, wakati wageni wenye malori wanapogonga milango, kumbuka kwamba kufanya kandarasi bila leseni kwenye eneo lililotangazwa kuwa la janga kunaweza kufunguliwa mashtaka ya jinai nzito.

Hatua ya 6: Kibali na mkaguzi

Kibali achukue mkandarasi, kwa jina lake na leseni yake. Akikuambia "chukua wewe, ni rahisi zaidi kwa mwenye nyumba," kataa. Ukisaini kama mwenye nyumba anayejijengea, mbele ya jiji wewe ndiye unayebeba wajibu wa kazi, na wa wafanyakazi pia ukiwaajiri. Mara nyingi anayeomba hivyo ana leseni iliyosimamishwa, au hana kabisa.

Usiruhusu kufunikwa kitu ambacho mkaguzi hajakiona. Nondo na mifereji kabla ya zege. Fremu, mabomba na nyaya kabla ya jipsamu. Kuta zikifungwa mapema, mkaguzi ana haki ya kuamuru zifunguliwe, na mtakuwa mnabishana gharama ya jipsamu mara ya pili. Kadi ya ukaguzi hukaa nyumbani, kwa hiyo ipige picha kila inaposainiwa. Mkaguzi anaangalia kanuni za ujenzi tu. Vigae vilivyopangwa vibaya na rangi yenye michirizi si kazi yake, hiyo ni ya mkataba wako.

Hatua ya 7: Zuio juu ya nyumba

Tuliite zuio, kwa sababu ndivyo linavyofanya kazi: dai linaloandikishwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti, linalokuzuia kuuza au kukopa kwa amani, na linaloweza kufikisha nyumba kwenye mauzo ya kulazimishwa.

Wiki chache baada ya kazi kuanza unaweza kupokea barua kutoka kwa duka la vifaa usilolijua. Usishtuke wala usiitupe. Hiyo ni notisi ya awali. Mkandarasi mdogo, yaani anayepewa kazi na mkandarasi wako, na muuza vifaa wanapaswa kukupa ndani ya siku 20 tangu walipoanza kutoa kazi au vifaa. Akichelewa, anapoteza haki kwa kazi ya zaidi ya siku 20 kabla ya notisi. Wewe ichukulie kama orodha ya watu wanaoweza kukudai. Fungua karatasi, andika jina, kazi yake, tarehe.

Kila awamu, kabla ya kutoa cheki, kusanya hati za kuachia haki ya zuio. Sheria ina fomu nne zenye maneno yaliyowekwa: yenye sharti na isiyo na sharti, kila moja kwa malipo ya awamu na kwa malipo ya mwisho. Yenye sharti inaanza kufanya kazi hela ikishapokelewa. Isiyo na sharti inafanya kazi palepale inaposainiwa. Chukua mfano wa awamu ya dola 10,000 hapo juu. Kabla ya kulipa, mkandarasi anakuletea hati yenye sharti ya kwake ya 10,000, ya fundi bomba ya 3,500 na ya fundi umeme ya 2,800, kila moja ikiwa na saini ya mwenyewe. Awamu inayofuata, kabla hujatoa 5,000, anakuletea hati zisizo na sharti za awamu iliyopita kutoka kwa watu hao hao. Hazijaja, hela haitoki. Kosa la kawaida ni kupokea hati ya mkandarasi mkuu peke yake na kudhani inawafunga wote. Inamfunga yeye tu.

Ukiwa na wasiwasi na duka la vifaa, andika cheki kwa majina mawili, la mkandarasi na la duka, ili isilipwe bila saini zote mbili. Patana naye mapema.

Kazi ikimalizika, una siku 15 za kuandikisha taarifa ya ukamilishaji kwenye kaunti. Bila hiyo, kila mdai ana siku 90 za kuandikisha zuio. Ukiiandikisha kwa wakati, mkandarasi wako ana siku 60, na wakandarasi wadogo na wauza vifaa siku 30. Ni fomu fupi yenye ada ndogo, na wachache huitumia. Zuio likishaandikishwa, aliyeliandikisha lazima afungue kesi ndani ya siku 90. Asipofanya hivyo linakufa, lakini halijifuti kwenye kumbukumbu. Lazima aliondoe mwenyewe au uombe mahakama iliondoe.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Anza kwa barua. Taja kila kasoro kwa chumba na kwa picha, mpe tarehe ya kurekebisha, utume kwa posta yenye uthibitisho wa kupokelewa. Usimlete fundi wa pili kabla ya hapo, kwani ukishafunika kosa umefunika ushahidi wake pia.

Asipojibu, peleka malalamiko CSLB. Una miaka 4 tangu kitendo kilipofanyika, na kasoro za kimuundo zilizojificha zinaweza kufika miaka 10. Bodi inaweza kuwapatanisha, kuwapeleka kwenye usuluhishi, kumpiga faini au kumnyang'anya leseni. Haiendeshi kesi yako kama wakili. Peleka dai kwa kampuni iliyotoa dhamana pia, wakati huohuo. Kwa kiasi kisichozidi dola 12,500, mtu binafsi anaweza kwenda mahakama ya madai madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi kusimama kwa niaba yenu. Beba mkataba, mabadiliko yaliyosainiwa, cheki, picha zenye tarehe, na makadirio ya maandishi ya mkandarasi mwingine mwenye leseni kuhusu gharama ya kurekebisha. Hakimu asiyeona hayo makadirio hana namba ya kuandika kwenye hukumu.

Ukiwa jimbo lingine

Usibebe kanuni za California kichwani ukihamia kwingine. Texas haina leseni ya jimbo kwa mjenzi wa jumla wa nyumba. Mafundi umeme, viyoyozi na mabomba ndio wenye leseni. Lakini huko zuio la mkandarasi juu ya nyumba ya familia linahitaji mkataba wa maandishi uliosainiwa kabla ya kazi, na wanandoa wote wawili wakisaini, kwa hiyo fikirieni vizuri kabla ya saini ya pili. New York leseni za ukarabati zinatolewa na miji na kaunti, hivyo ukaguzi wako uanzie huko. Maryland advansi inaishia thuluthi moja, Massachusetts vilevile isipokuwa vifaa vya kuagiza maalumu vikigharimu zaidi, na majimbo yote mawili yana mfuko wa kuwafidia wenye nyumba. Arizona nayo ina mfuko, hadi dola 30,000 kwa nyumba. Pennsylvania mkandarasi anajisajili kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Huo ni usajili, haumaanishi amefanyiwa mtihani wa ufundi. Minnesota sheria inakupa waranti kwa nyumba mpya: mwaka 1 kwa ufundi na vifaa, miaka 2 kwa mabomba, umeme na mfumo wa joto, na miaka 10 kwa kasoro kubwa za ujenzi.

Mifuko hiyo ya fidia ina sharti moja linalofanana: mkandarasi awe alikuwa na leseni au usajili wakati wa kazi. Kwa hiyo siku unaposaini, hifadhi picha ya ukurasa wa leseni yake ikiwa na tarehe, uiweke pamoja na mkataba.